Simbilisi anatoa mate, daktari anataka siti skani. Ni lazima kweli?

#1 mama_rukia_maweni
Salaam wadau. Niko Malindi, Maweni. Nina simbilisi (guinea pig) jina lake Tende, tumeachiwa na Waitaliano niliokuwa nawafanyia kazi walipofunga nyumba kurudi kwao. Ana miaka minne. Wiki tatu sasa kidevu chake hakikauki, manyoya ya chini ya mdomo yameshikana kama mswaki wa mti. Akipewa dania anaikimbilia, anaishika, anaitafuna mara mbili tatu kisha inamdondoka. Jicho la kushoto linachuruzika. Binti yangu humpima kwa mizani ya halua ya babake: alikuwa gramu 940, leo 790.

Daktari wa mifugo amemtazama mdomoni kwa ile tochi ya kuangalia masikio, akasema meno ya mbele ni mazuri. Akampiga eksirei moja ya ubavuni. Akaniambia mizizi ya magego inaonekana mirefu lakini upande wa kulia umelalia wa kushoto, hawezi kuapa. Ushauri wake ni siti skani, na hiyo ni safari ya Nairobi. Naomba kuelimishwa: ni lazima, au ndiyo tunaliwa hivi?

#2 fundi_saa
Nimeanguka mnazi mwaka juzi, nikapigwa eksirei moja na kuambiwa nenda nyumbani ukakande maji moto. Leo panya anaenda siti skani. Dunia imegeuka.

#3 Nyanya_wa_Muyeye
Mama Rukia, usimsikilize huyo. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anajitengenezea, paka anajitengenezea, yeye hawezi. Akiikosa, fizi zinalegea, viungo vinauma na anakataa kutafuna. Mpe mapera na pilipili hoho. Msimu wa korosho mpe kipande cha bibo. Wangu alikuwa hivyohivyo, akapona bila picha yoyote.

#4 fundi_saa
Nyanya anauza pilipili hoho. Sokoni leo mambo mengi.

#5 dkt_wa_mbuzi
Shikamoo Nyanya. Uliyosema kuhusu vitamini C ni kweli tupu. Kiasi chake ni miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya mnyama kwa siku, na pera lina zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100, kwa hiyo kipande cha gramu 10 kinamtosha Tende. Lisizidi hapo kwa sababu ya sukari. Ila kidevu kuloa, chakula kudondoka na jicho la upande mmoja kuchuruzika, mimi mawazo yangu yanakwenda kwenye magego.

Simbilisi ana meno 20: manne mbele, kumi na sita nyuma, na yote yanakua maisha yake yote. Magego yake hayakusimama wima kama yetu, yamelala mshazari. Yasiposagika, ya chini yanainama kuelekea ulimi, na siku moja la kulia na la kushoto yanakutana juu ya ulimi kama daraja. Mnyama ana njaa, anakimbilia chakula, lakini ulimi umefungiwa chini, hawezi kusukuma tonge nyuma. Ya juu nayo yanachoma shavu.

Mdomo wake ni mwembamba, mashavu yanaingia ndani, na yeye mwenyewe hatulii. Ukimtazama akiwa macho utaona meno ya mbele na nusu ya hadithi. Meno ya mbele kuwa mazuri hakumtoi mtu kwenye wasiwasi.

Jambo moja: mtu asije akakuambia ukate jino kwa kikata kucha. Linapasuka kwenda chini mpaka kwenye mzizi.

#6 hamsta_wa_casuarina
Mimi nina hamsta. Panya wote meno yao yote yanakua, tulifundishwa shule. Na ya hamsta wangu ni ya machungwa, nimejaribu kuyasugua kwa mswaki hayatoki. Ni ugonjwa?

#7 dkt_wa_mbuzi
Mwache hamsta wa watu! Rangi ya machungwa ni chuma kilichomo kwenye gamba la jino, ndivyo alivyoumbwa. Simbilisi ndiye mwenye meno meupe. Halafu si panya wote. Hamsta, panya wa nyumbani na panya buku ni meno ya mbele tu yanayokua, magego yao yana mizizi iliyofunga kama yetu. Hao magego yao yanaweza hata kutoboka kwa sukari. Simbilisi na chinchilla ndio wanaokua mbele na nyuma.

#8 hamsta_wa_casuarina
Sawa daktari. Nilitumia mswaki wa dada yangu, asijue.

#9 mkulima_gede
Kwa hiyo sungura naye ni hivyohivyo? Naye ni jamii ya panya.

#10 dkt_wa_mbuzi
Meno kukua yote, ndiyo. Jamii ya panya, hapana. Mfunue mdomo wa juu utaona nyuma ya yale meno mawili makubwa kuna mengine mawili madogo yamejificha. Panya hana hayo. Sungura ana meno 28.

#11 mkulima_gede
Nimekwenda kufunua. Yapo. Nimeng'atwa.

#12 picha_za_mifupa
Nimefanya kazi ya eksirei hospitali za binadamu miaka kumi na sita, nichangie upande wangu.

Eksirei ni kivuli. Weka viganja viwili mbele ya taa, kimoja nyuma ya kingine, kisha tazama ukutani: utahesabu vidole vingapi? Kichwa cha simbilisi ukikipiga ubavuni ndivyo kilivyo. Magego manane ya kulia yamelaliwa na manane ya kushoto, juu yake mfupa wa sikio, juu yake taya. Daktari wa mama Rukia hakudanganya aliposema hawezi kuapa.

Siti skani ni miale ileile, ila bomba linamzunguka mgonjwa na kompyuta inapanga upya vipimo vyote kuwa vipande, kama boflo lililokatwa. Unatoa kipande kimoja unakitazama peke yake: jino hili, mzizi huu, mfupa unaouzunguka. Kwa kichwa kidogo hivyo unataka vipande vyembamba, nusu milimita hivi. Mashine iliyopangwa kukata vipande vya milimita tano kwa tumbo la mtu itamruka Tende nusu ya jino. Kwa hiyo usiulize tu "mnayo siti skani?", uliza vipande vyao vina unene gani.

Teknolojia hii iliundwa 1979 na Mwingereza Hounsfield pamoja na Cormack wa Afrika Kusini.

#13 mzee_wa_tarehe
Sahihisho dogo. 1979 ni mwaka waliopewa Nobel. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo London Oktoba 1971. Na hawakuunda pamoja: Cormack alizaliwa Johannesburg, akaanza hesabu zake Cape Town miaka ya hamsini akisaidia hospitali ya huko, Hounsfield akatengeneza mashine yake baadaye kivyake.

#14 picha_za_mifupa
Ahsante mzee. Naona hujalala.

#15 binti_wa_ughaibuni
Mimi mtu wa Malindi naishi Ujerumani. Huku nilikuwa na simbilisi mwenye dalili kama za Tende: mate kidogo, kukonda, kichwa kinaelemea upande. Nilikuwa na yakini ni meno. Alisagwa magego mara mbili chini ya dawa ya usingizi, kila mara anakula wiki mbili kisha anarudi palepale. Mara ya tatu nikalipa siti skani. Hawakumlaza hata. Walimtia kwenye mtungi wa plastiki unaopitisha mwanga, akajikunyata, mashine ikapita kwa sekunde chache. Meno yalikuwa na hitilafu ndogo tu. Kilichojaa kilikuwa chumba cha sikio la kati, kile kifupa cha mviringo nyuma ya taya: usaha, na ukuta wake umenenepa. Akitafuna anaumia sikio, ndiyo maana hakuwa akitafuna, ndiyo maana meno yakarefuka. Mimi nilikuwa natibu mkia wa jambo.

#16 fundi_saa
Sasa meno yaliharibu sikio au sikio liliharibu meno?

#17 binti_wa_ughaibuni
Mimi nimeambiwa sikio. Ila daktari mwingine pale pale kliniki alisema yanaweza kuwa mawili yaliyokutana tu. Mpaka leo sijui nani alikuwa sawa.

#18 nahodha_wa_langoni
Salaam kutoka Amu. Mambo ya meno tuulizeni sisi wenye punda. Punda wangu yana tu amepigwa tupa, alikuwa akitema majani yaliyoviringika kama sigara. Hakuna eksirei, hakuna siti. Wamemfungua kinywa kwa chuma, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko, wakapapasa ncha kali, wakazisugua, basi. Ino la punda nalo linakua daima dawamu. Tatizo mwalitafuta mbali.

Halafu mama Rukia, kabla ya kitwa kupelekwa Nairobi, umeangalia kama hana mwiba wa nyasi? Ng'ombe wa jirani yangu alitoa mate siku tano, kumbe shazia la nyasi limeingia chini ya ulimi.

#19 hamsta_wa_casuarina
"Kitwa" 😂

#20 nahodha_wa_langoni
Cheka. Kiamu kilikuwa kikiandikiwa tenzi Malindi ikiwa bado mahame.

#21 dkt_wa_mbuzi
Nahodha, la mwiba nakuunga mkono, lingepaswa kuwa la kwanza kuangaliwa. La punda nikurekebishe kidogo: jino la punda halikui daima. Limezaliwa refu, sehemu kubwa imefichwa ndani ya taya, na linasukumwa nje milimita mbili tatu kwa mwaka huku likisagika. Hazina ile ikiisha imekwisha, ndiyo maana punda mzee anabaki kibogoyo. La simbilisi halina mwisho. Na mkono wako ukiingia kinywani mwa Tende utamtokea mkiani.

Tofauti kubwa ni hii. Ncha kali iliyo juu ya ufizi unaipapasa au unaiona. Lakini simbilisi jino likikosa nafasi ya kwenda juu, linarudi chini. Mzizi wa chini unasukuma mfupa wa taya mpaka unapata vinundu ukipitisha kidole. Mzizi wa juu unaelekea kwenye tundu la jicho na njia ya machozi. Mama Rukia, pitisha kidole taratibu chini ya taya zote mbili, utuambie.

#22 mama_rukia_maweni
Nimepitisha. Kushoto kuna kitu kama punje mbili za mtama. Kulia laini. Chini ya ulimi daktari alisema hakuona mwiba, ila pia alisema ulimi wote hakuuona.

#23 jamaa_wa_barani
Poleni. Mie naona hapa ni chakula. Vitu laini ndivyo vinaharibu. Mtilie kipande cha mbao ya mwarobaini ajigugunie, meno yatajipunguza.

#24 Nyanya_wa_Muyeye
Mbao inapunguza ya mbele, mwanangu. Wewe ukitafuna muwa kwa meno ya mbele, la nyuma linapungua? Magego yanasagwa na nyasi, na si ugumu wa nyasi, ni ule muda wa kusaga kulia kushoto kutwa nzima. Mkate anaumeza kwa dakika moja, nyasi za uzito huohuo zinamchukua saa. Mama Rukia, hebu sema kweli, mwampa nini?

#25 mama_rukia_maweni
Nyasi za uwanjani, dania, karoti. Na... nimegundua leo kwamba Rukia na nyanyake humpa mahamri kila asubuhi. Wanasema "anayapenda". Ameyapenda tangu mwaka jana.

#26 fundi_saa
Mahamri na chai ya maziwa au kavu?

#27 mama_rukia_maweni
Usinifanye nicheke, nimekasirika.

#28 jamaa_wa_barani
Mumpe kapsuli ya amoksilini ya watoto, robo, kama kuna usaha utakauka. Duka lolote la dawa.

#29 dkt_wa_mbuzi
HAPANA. Msifanye hivyo. Amoksilini, ampisilini, dawa zote za ukoo wa penisilini, simbilisi akinyweshwa zinaua vijidudu vyema vya tumboni, vibaya vinashika nafasi, na baada ya siku chache anaharisha anakufa. Meno hayatakuwa na nafasi ya kumuua. Zipo antibiotiki anazoweza kuzivumilia, aandike daktari.

Na mama Rukia, usisubiri picha ndipo umlishe. Simbilisi asiyekula siku nzima utumbo unasimama. Saga chakula chake cha punje, loweka kwa maji ya vuguvugu, mlishe kwa bomba lisilo na sindano, upande wa shavu, kidogokidogo, asipaliwe.

#30 jamaa_wa_barani
Sikujua. Ahsante daktari, naifuta.

#31 msafiri_wa_kivu
Nimepita tu. Sisi Bukavu tunamwita dende, tunafuga jikoni, tunala. Sijawahi kuona dende wa miaka minne. Pengine ndiyo sababu hatujui ugonjwa wa meno yake.

#32 hamsta_wa_casuarina
😳

#33 binti_wa_ughaibuni
Kwao Peru pia wanakula. Waitaliano wanamwita *porcellino d'India*, kinguruwe cha India. Waingereza wakampeleka Guinea. Mnyama wa milima ya Andes, hakuna aliyemuuliza kwao wapi.

#34 mzee_wa_tarehe
Turudi kwenye mada. Swali la mama Rukia halijajibiwa: ni LAZIMA? Mimi naona picha haitibu. Ukishajua mzizi ni mrefu, utaufanya nini? Mzizi haukatwi. Utasaga juu na kurudi kusaga baada ya wiki kadhaa, picha uwe nayo usiwe nayo.

#35 picha_za_mifupa
Mzee, hapo tunaachana. Picha hukwambia kama kusaga kuna maana. Mzizi mrefu mfupa ukiwa mzima, unasaga, unarekebisha chakula, unaishi naye. Mzizi uliotoboa mfupa na kufanya jipu, mfupa umeliwa kama mbao ya mchwa, hapo kusaga ni kumtesa na kujitesa. Kwenye eksirei moja ya ubavuni hayo mawili yanaweza kufanana.

#36 dkt_wa_mbuzi
Nakubaliana na nyote nusu nusu. Naona tumeruka ngazi. Tende amepigwa eksirei MOJA. Ya kichwa inatakiwa kuwa seti: ubavuni, mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto, ya juu kwenda chini, na kama inawezekana ya mbele kwenda nyuma. Zile za mshazari ndizo zinazotenganisha pande mbili, vile viganja vya jamaa wa mifupa. Halafu kwenye ile ya ubavuni kuna mistari ya kuongozea waliyoichapisha Böhmer na Crossley mwaka 2009 kwa sungura, simbilisi na chinchilla: unachora mstari kutoka alama fulani ya fuvu hadi nyingine, mzizi ukivuka mstari, umerefuka. Rula na penseli. Hayo yote yanafanyika Malindi, chini ya dawa ya usingizi moja, na wakati huohuo mdomo unafunguliwa na kutazamwa vizuri mpaka nyuma.

Yasipotoa jibu ndipo siti skani. Nisingesema daktari wako anakula pesa, hapana. Pengine amekuruka ngazi kwa sababu hataki kumlaza mnyama dhaifu mara mbili, na hiyo ni hoja. Simbilisi kwenye nusukaputi si mchezo, anapoa haraka, na koo lake ni jembamba sana kupitisha mpira wa hewa.

#37 binti_wa_ughaibuni
Lakini daktari, seti nzima ya eksirei isingeonyesha sikio la wangu mapema hivyo. Ndiyo maana mimi nasema kama pesa ipo, anza na siti. Ukipiga hesabu ya kusagwa mara mbili bure, nililipa zaidi.

#38 nahodha_wa_langoni
Kama pesa ipo. Mwaisikia?

#39 Nyanya_wa_Muyeye
Nami bado nasema apewe pera wiki mbili kwanza. Vinundu vya taya naviamini, lakini fizi zikilegea jino nalo linayumba. Nani amewahi kumpima vitamini huyo? Amekula mahamri mwaka mzima.

#40 fundi_saa
Nyanya hajaacha biashara.

#41 mama_rukia_maweni
Nimerudi wadau. Jana wamempiga seti. Alilazwa dakika ishirini na tano, walimwekea chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Mdomoni: daraja halijakamilika, gego la kwanza la chini kushoto limeinama na limechora kidonda kwenye ulimi, nimekiona mwenyewe, kama mstari mweupe. Wamelisaga. Mwiba hakuna. Mshazari wa kushoto unaonyesha mizizi miwili ya chini imeukaribia mfupa. Ya juu, upande wa jicho, daktari anasema kuna kivuli asichokipenda lakini chaweza kuwa mzizi, jipu, au mfupa tu uliolaliana. Sikio hakuona kitu, ila akasema kwa eksirei kutoona hakumaanishi hakuna.

Mahamri yamepigwa marufuku. Nyanyake Rukia hasemi nami. Pera anakula, nimempa gramu 10 kwa mizani. Leo asubuhi 786, jioni baada ya bomba 801.

#42 picha_za_mifupa
Kivuli cha juu ndicho hasa siti skani ilichoumbiwa.

#43 mzee_wa_tarehe
Au asubiri wiki mbili, apimwe kila siku. Akipanda uzito, kivuli kibaki kivuli.

#44 dkt_wa_mbuzi
Na jicho likianza kutokeza nje hata kidogo, usisubiri hata siku moja.

#45 mama_rukia_maweni
Mume wangu amesema tutauza yule beberu tupige mara moja tujue. Basi la usiku, Alhamisi. Swali langu la mwisho: joto la ndani ya basi litamfanyaje, na je, anahitaji tikiti?

#46 binti_wa_ughaibuni
Usiku ni afadhali. Chupa ya maji baridi ndani ya soksi, iwe upande mmoja wa kikapu ili akitaka ajisogeze mwenyewe. Nyasi zisikosekane njia nzima.

#47 nahodha_wa_langoni
Tikiti hana haja. Mpakate. Konda akiuliza mwambie ni halua.

#48 fundi_saa
Mchukulieni kiti cha dirishani. Mimi na mgongo wangu nilisimama mpaka Mtwapa.